Lango la Buu

Saa tisa usiku, Nyegezi. Umeme umerudi,
jokofu linakoroma kama mlevi aliyesamehewa,
na mimi, Nshoma binti Lukelesha,
nimepinda mgongo juu ya hadubini
namchungulia buu wa nzi wa matunda
ambaye urefu wake wote haufiki ukucha wa kidole changu cha mwisho.

Jioni nilimlisha uji wa ndizi na hamira.
Ndani ya uji nikatia bakteria,
nimewapa rangi ya kijani inayong'aa
ili niwaone waendako.
Ndiyo, nilimtilia sumu kwa mkono huu.
Ndiyo kazi. Mwisho wa mwezi nasaini.

Nilidhani watateremka.
Utumbo ni mteremko, kila kinacholiwa kinaijua njia.
Lakini wamesimama pale juu, mwanzo wa tumbo,
wamerundikana, kijani tupu,
kama abiria wa kivuko cha Kamanga
mnyororo unapovutwa na tiketi wanazo mkononi.

Nani kavuta mnyororo?

Si ubongo. Ubongo wa buu ni punje,
na punje yenyewe inawaza kula.
Ni seli chache zilizojibanza ukutani mwa utumbo,
moja hapa, nyingine kule,
hazina sare, hazina filimbi.
Zimeonja ule ukali ambao utumbo huutoa ukimgusa adui,
zikadondosha homoni,
tone ambalo hata neno tone ni pana mno kwake,
na misuli ikasikia.
Ikajikaza.
Fumba!

Homoni haijaua hata mmoja.
Kazi yake ni kuchelewesha,
kama shangazi anayewashika wadai mlangoni
kwa salamu, habari za kwenu, za mifugo, za mvua,
huku ndani watu wanatafuta rungu.
Rungu la buu ni protini, nazo hupikwa taratibu.
Nikisubiri, chai inapoa.
Kwenye saa kumi na moja hivi kijani kinaanza kufifia,
kwanza pembeni, kisha katikati,
na buu anarudi kwenye uji wake
kana kwamba hakuna lililotokea.

Sahani ya pili sikutaka kuiangalia.
Humo wamo waliozaliwa bila homoni hiyo,
sisi ndio tuliowazalisha hivyo, kwa makusudi.
Kwao lango li wazi.
Kijani kimeshuka hadi mkiani, kimetanda
kama magugu maji yalivyotanda ghubani mwaka ule,
maji hayaonekani.
Kumi na saba hawasogei.
Naandika: kumi na saba.
Daftari lina safu ya tarehe, ya joto, ya idadi.
Safu ya samahani haina.

Asubuhi nikapitia Mwaloni.
Mama yuko kwenye meza yake ya dagaa, mikono imemeta magamba.
Nikamweleza. Akacheka mpaka kilemba kikalegea.
"Shule yote ile, Nshoma, ukachungulie tumbo la funza?"
Kisha kicheko kikamkatikia.
"Wewe ulikunywa maji ya ziwa, Igombe, una miaka minne.
Ulitapika usiku kucha. Kanga tatu nililoweka.
Nikakuchapa kofi la mgongo, nikasema acha,
acha, utajimaliza."
Akaitazama mikono yake.
"Hukuacha."

Nilikuwa na maneno, ya lango, ya mnyororo,
ya walinzi wasio na filimbi.
Sikuyasema. Sijui kama tumbo la mtu ni tumbo la buu,
na hilo daftarini bado hatujalifikia.
Nikavuta ungo, tukapepeta.

Nzi akatua kwenye kifundo cha mkono wake,
akasugua miguu, ameshiba,
ndani yake malango yote yakiwa zamu.

"Mwache huyo, mama," nikasema.

Akamchapa.